Mkono Ambao Haukuinuka

Kila aliyewahi kuketi kwenye kochi la Kituo cha Wanawake aliujua mkono wa Ardith, mkuu wa Kituo. Unaanza kumsimulia yako, umefika pale penyewe, machozi yako karibu, mara mkono unapanda, kiganja mbele, kama wa askari wa barabarani.

"Kabla hujaendelea, mpenzi," anasema, "ujue mimi ni mtu wa kupeleka taarifa. Ukinitajia mtu na alilokutenda, siwezi kulilalia. Linatoka humu, linakwenda Ofisi ya Malalamiko, ghorofa ya tatu. Ukitaka kusema bila kuandikwa, mshauri yupo zahanati na mchungaji yupo kanisani. Hao midomo yao imefungwa. Wangu haujafungwa."

Ndivyo chuo kilivyotaka: kila anayelipwa mshahara, akisikia, apeleke. Wapo waliosema kwa haraka haraka kama wanaosoma bei, wapo waliosahau. Ardith hakusahau hata siku moja. Aliwahi kumkatiza msichana aliyekuwa analia kwa kwikwi, akamngoja apenge kamasi, akamwambia sentensi yote tangu mwanzo. Wasichana walimwigiza mpaka ikawa mchezo wa nyumba. Tierney, yule mwenye nywele nyekundu na ulimi wa wembe, ukimuuliza tu amekula nini, anakuinulia kiganja: "Kabla hujaendelea, mpenzi." Watu wanavunjika mbavu, Ardith mwenyewe akicheka kuliko wote, kikombe cha kahawa kinamwagikia kwenye sweta.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili chini ya maktaba. Kulikuwa na kapu la pedi za bure mlangoni, mashine ya bisi iliyonunuliwa ukumbi wa sinema ulipofungwa, na bomba la joto lisilojua kuzimwa. Alhamisi mchana hapakuwa na pa kukanyaga. Huyu kaja kwenye mkutano wa maandalizi, yule kafuata piza, na wengine wamekuja kuota moto tu, maana Aprili ya kaskazini mwa Ohio theluji bado imejikunyata kwenye vivuli vya majengo na haina habari ya kuondoka.

Na katikati ya wote alikaa Shanelle Tolliver wa Toledo, mwaka wa tatu. Shanelle alijua nani kaachana na nani, alijua mwalimu yupi analala hotelini tangu mkewe abadilishe kitasa, na bweni gani litakaguliwa lini. Ukitaka tangazo lifike, ulikuwa huhangaiki kubandika karatasi, ulimwambia Shanelle. Hakuwa na roho mbaya. Alipenda watu, na habari ndiyo ilikuwa namna yake ya kuwashika mkono.

Ardith alimpokea tangu mwaka wa kwanza. Sikukuu ya Shukrani ile basi la Toledo lilipokwama kwenye theluji, alimchukua nyumbani kwake, akamlisha bata mzinga, akampa soksi za sufu za marehemu mumewe. Shanelle alimwita mama wa pili, tena kwenye simu na mama yake mzazi, na mama yake akauliza tu kama bata aliiva. Januari hii Ardith akamwajiri rasmi, saa kumi kwa wiki, na funguo za mlango. Palikuwa na mafunzo ya kompyuta ya kupitia kwanza, kurasa sitini. Shanelle alizipitia huku anakula chipsi za mahindi zenye jibini, anabofya "nimeelewa" kwa kidole kisicho na jibini.

Mwenzake wa chumbani aliitwa Greta Oberholt. Greta alitoka Pell Creek, mahali penye mahindi, kanisa moja na taa moja ya barabarani, na alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Walikaa pamoja mwaka wa pili sasa. Shanelle akirudi na habari za siku nzima, Greta alisikiliza amelala chali, mwisho anasema, "Masikini," au anasema, "Kajitakia," na hukumu ikawa imetoka.

Kila Aprili Kituo hutundika Kamba. Wasichana walioumizwa huchora fulana, bila majina, na fulana hutundikwa kwa vibanio kwenye kamba ndefu kati ya miti mbele ya maktaba, watu wakipita wasome. Fulana mpya zina wanga, rangi haishiki, kwa hiyo lazima zifuliwe kwanza. Jumapili moja mchana, wiki mbili kabla ya siku hiyo, Shanelle alimvuta Greta washuke wote chumba cha kufulia na magunia mawili.

Walikuwa wanahamisha fulana kutoka mashine ya kufua kwenda ya kukausha, Shanelle akieleza jinsi Tierney alivyogombana na mwenye duka la rangi. Greta alisimama na fulana mbichi mikononi.

"Mimi ningeweza kuchora moja," alisema.

Shanelle hakuelewa. "Chora, nani anakuzuia. Hata Tierney anachora, na mkono wake kama wa kuku."

"Ya kwangu. Ya kwangu mwenyewe, Shanelle."

Akasema yote kwa sentensi sita au saba, fulana inamdondokea maji kwenye viatu. Oktoba. Pati ya bendi ya chuo. Colby Strand, mpiga tarumbeta, kijana wa Pell Creek kama yeye, ambaye walibatizwa Jumapili moja. Alimwambia hapana, akamwambia tena, naye akajifanya muziki uko juu.

Shanelle akamkumbatia na unyevu wake wote. Kisha akasema walilofundishwa Kituoni: kwamba si kosa lake, kwamba anaamua yeye.

"Nimeshaamua," Greta alisema. "Mama yake anaongoza kwaya. Mama yangu ndiye mpiga kinanda. Kila Jumapili wanatazamana saa nzima wapate kwenda sawa. Jina langu likimfikia Colby kwenye karatasi yoyote, litafika kwao kabla sahani za mchana hazijaoshwa. Sitaki karatasi. Nimekwambia wewe, basi."

"Nikisema nikatwe ulimi."

"Usiape kwa ulimi. Wewe huo una matumizi mengi."

Wakacheka, wote wawili, huku wanalia. "Basi naapa kwa bibi yangu Toledo," Shanelle alisema. "Yuko hai, ana miaka themanini na mbili, na ananitegemea."

"Sawa," alisema Greta. "Kwa bibi."

Na Shanelle alishika. Siku tisa mfululizo alishika, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kukaa chini ya maji. Lakini Greta, aliyekwisha kusema, akaanza kuporomoka. Aliacha kwenda darasani asubuhi. Chakula akikileta Shanelle kutoka bwaloni, kinabaki na kijiko kimesimama. Siku ya tisa alimkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu amevaa nguo zote, anasema anapumzika tu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne. Baada ya mkutano wa maandalizi watu walitawanyika, Ardith akabaki sinkini anaosha vikombe, Shanelle anafuta kwa taulo. Hakupanga kusema. Au alipanga nusu: alitaka kuanza tu, mkono upande, aambiwe nenda zahanati kwa mshauri, ukamuulize huko. Zahanati aliijua. Mwenyewe aliwafundisha wasichana wapya kila muhula nani anaandika na nani haandiki. Lakini kuna tofauti kati ya kujua njia na kuwa na mtu wa kukuelekeza, na mtu wake alikuwa huyu.

"Kuna rafiki yangu," alianza. "Kuna mtu alimfanyia jambo."

Akasubiri kiganja. Ardith alifunga bomba.

"Nasikia," alisema Ardith.

"Hali chakula. Halali usiku. Sijui nifanye nini naye."

"Ni wa hapa chuoni, huyo mtu?"

"Wa bendi."

Ardith alikuwa na povu mpaka viwikoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa pale pale kwenye ukingo wa sinki, imetulia. "Wa bendi yupi?" aliuliza, kwa upole uleule wa kuuliza kama soksi zinakutosha.

Na Shanelle, aliyekuwa amekaa chini ya maji siku tisa, akavuta pumzi. Alisema yote. Colby, Oktoba, kwaya, kinanda. Jina la Greta lilikuwa la mwisho kutoka, na lilipotoka alijisikia mwepesi, akalia kwenye taulo la vikombe, na Ardith akamshika kisogo kwa mkono wenye povu akisema, "Umefanya vizuri, mpenzi. Umefanya vizuri sana."

Alirudi bweni anatembea kama aliyetua gunia.

Alhamisi Kituo kilifurika. Ilikuwa siku ya kuchora, meza zimefunikwa magazeti, rangi kila mahali, Tierney anatoa bisi kwa kikombe na matusi bila kikombe. Mlango ukafunguliwa, akaingia Greta, na koti lake halijafungwa. Greta hakuwahi kuja Kituoni peke yake. Alipita katikati ya watu bila kusema samahani, akaiweka simu yake mbele ya Shanelle, juu ya gazeti, katikati ya rangi ya zambarau.

"Soma."

Ilikuwa barua pepe ya Ofisi ya Malalamiko. Ofisi imepokea taarifa kwamba huenda Greta Oberholt alitendewa jambo na mwanafunzi Colby Strand. Anaalikwa kikao Jumatatu, saa nne asubuhi, na anaruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kuketi naye. Si lazima aje. Hata hivyo ofisi, ikiona inafaa, inaweza kuendelea yenyewe, na hapo mtuhumiwa atajulishwa jina lake.

Shanelle alisoma mara mbili. Kelele za chumba ziliendelea kwanza, kisha zikapungua kona moja moja, watu walipoona nyuso.

"Greta, twende nje," alisema.

"Nani mwingine anajua?"

"Twende nje tuongee."

"Nakuuliza hapa. Mimi niliwaambia watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," Greta alisema. Akachukua simu yake, akaifuta kwenye koti, rangi ikabaki kwenye koti kama kovu. Akaondoka. Tierney alisimama na kikombe cha bisi mkononi.

Shanelle aliingia chumba cha ndani bila kubisha. Ardith alikuwa mezani. Alipomwona alivua miwani, na hapo Shanelle alijua kwamba alikuwa akimngoja, pengine tangu juzi.

"Hukuinua mkono," Shanelle alisema.

"Funga mlango, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Hukuinua mkono. Kila mtu unamwinulia. Unamwinulia Tierney akilalamikia choo. Mimi hukuniinulia."

"Hapana," alisema Ardith. "Sikukuinulia."

Shanelle alikuwa amekuja tayari kwa uongo. Alitegemea kusikia nilisahau, nilikuwa na povu, nilidhani unajua. Kwa uongo angeweza kusamehe kidogo.

"Mwaka juzi," Ardith alisema, "msichana alikaa kwenye kiti hicho. Akasema ni kijana wa tarumbeta. Nikainua mkono. Akachukua begi lake. Novemba iliyopita akaja mwingine, akasema ni mmoja wa bendi, wa huko mashambani. Nikainua mkono, nikasema sentensi yangu yote, kwa sauti nzuri. Akaniambia asante, akaondoka, na Krismasi aliacha chuo. Nimekaa na hao wawili, Shanelle. Ulipoanza kusema nilijua hata kabla hujafika kwenye bendi. Ningeinua mkono, ungenyamaza."

"Ndiyo maana ya mkono. Ili mtu anyamaze akitaka."

"Najua maana yake. Niliuanzisha mimi."

"Basi ungeniambia baadaye. Ungenishika hata mlangoni, useme Shanelle, kesho naandika. Ningemwambia Greta mwenyewe. Ningepiga magoti. Badala yake ukaniambia nimefanya vizuri."

Ardith aliitazama miwani yake. "Hilo ni kweli," alisema. "Niliogopa uso wako. Nikaona afadhali uso huu nikuone nao leo, jambo likiwa limekwisha." Akaiweka mezani. "Na kuna jingine. Tangu Januari wewe ni mwajiriwa. Siku ile kule kwenye kufulia, ulipaswa kuandika wewe. Ni ukurasa wa arobaini na kitu. Wangekuuliza. Nimeandika kwamba nimesikia mimi, sikukutaja."

"Kwa hiyo nikushukuru."

"Sikusema hivyo."

"Ifute hiyo taarifa."

"Haifutiki. Unajua haifutiki."

Shanelle alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza. Ardith hakuzigusa. Alisema tu kwamba Kamba ni Jumatatu ileile, watu wanamtegemea, achukue siku mbili afikiri. Hata hapo sauti yake ilikuwa ya mama, na hicho ndicho kilichomchoma Shanelle kuliko yote. Angekuwa adui tangu mwanzo, angejua pa kumweka.

Greta alihamia kwa binti mmoja wa ghorofa ya juu. Alikuja kuchukua vitu vyake Shanelle akiwa darasani, akatandika hata kitanda. Shanelle alimwandikia ujumbe kumi na nne. Alimweleza Ardith alivyofanya, povu, bomba, swali la yupi wa bendi. Alimwandikia: alinichota kama mtoto. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Jumapili alijaribu mwisho: nitakuja nawe kesho, nitakaa nawe, nitawaambia ni kosa langu.

Jumatatu saa tatu u nusu alikuwa amesimama mbele ya jengo la ofisi, amevaa blauzi ya heshima, ameshika chupa ya maji na pakiti ya leso. Upepo ulikuwa baridi. Ng'ambo ya uwanja aliwaona Tierney na wenzake wanavuta Kamba kati ya miti.

Greta alitokea njia ya maktaba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, nywele amezibana. Pembeni yake alitembea Ardith.

Shanelle aliwangoja wafike. Alimtazama Greta tu. "Nimekuja," alisema. "Wanaruhusu mtu mmoja."

"Nimeshaandikisha jina la mtu."

"Umemwandikisha nani?"

Jibu lilikuwa limesimama hapo. Ardith alipiga hatua kadhaa mbele, akaenda kusoma ubao wa matangazo kama vile haujui.

"Yeye?" Shanelle alisema. "Greta, yeye ndiye aliyekuandika. Alininyamazia makusudi. Amekiri mwenyewe mbele yangu."

"Hata kwangu amekiri. Alikuja Ijumaa, akakaa kwenye ngazi mpaka nikashuka."

"Halafu?"

"Halafu nimemchukia. Bado namchukia." Greta aliongea taratibu, kila neno na bei yake. "Lakini yeye hakuwahi kuniahidi kitu, Shanelle. Nilikuwa namjua kwa mkono wake tu, kwa hadithi zako. Anajua humo ndani wanauliza nini. Anajua niseme nini ili jina lisitoke leo, na nisipoweza, litoke vipi. Nahitaji mtu anayejua."

"Mimi nilikuwa nakuokoa. Ulikuwa huli."

"Najua."

"Alinidanganya mimi pia. Mimi pia nimeuzwa."

"Najua," Greta alisema, na hakuonekana kuwa na hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. "Ila wewe ulikuwa wangu."

Akapita. Ardith alimshikia mlango. Katika kupita alimtazama Shanelle, kisha akaingia.

Shanelle alivuka uwanja kwa sababu hakuwa na kwingine kwa kwenda. Fulana zilikuwa zimeanza kupanda, nyeupe, za manjano, za zambarau, zinapigwa na upepo na kuonyesha maandishi yao nusunusu. Wanafunzi wachache walisimama wanasoma, mikono mifukoni. Tierney alimsukumia kopo la vibanio.

"Umekuja. Nilidhani umesusa. Nimemwona Ardith anapita na Greta, tena Greta kavaa kama wa mazishi. Wanakwenda wapi?"

Wengine wawili wakasogea. Kwa miaka mitatu wamezoea: jambo likitokea, wanasogea, naye anawapa.

Alikuwa nalo lote mdomoni. Alijua angelianzia wapi, kwenye vikombe, na angepunguza sauti wapi, kwenye "nasikia." Kabla ya chakula cha mchana Kituo kizima kingekuwa upande wake. Wangemwonea huruma. Wangemtazama Ardith kama anavyostahili kutazamwa mtu aliyekushika kisogo kwa mkono wenye povu na kukuambia umefanya vizuri. Kila neno lingekuwa la kweli. Na hakukuwa na hata moja ambalo lingeweza kutoka bila kumtoa Greta nalo.

"Shanelle," alisema Tierney. "Tunakusikiliza."

"Sijui," alisema Shanelle.

"Wewe hujui? Wewe?"

"Sijui, Tierney. Shika huo upande, fulana inaburuza."

Tierney alimtazama kwa muda, kisha akawatazama wenzake, akapandisha mabega. Shanelle akainama kwenye boksi, akatoa fulana nyingine, akaanza kutafuta mabega yake.